UZI: Les Paul za zama tofauti, namna ya kuzipima kabla hujatoa hela

FretiYaSaba (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Les Paul, gitaa za umeme za kampuni ya Gibson, zinazoingia Dar siku hizi si haba: nyingine zinakuja na mizigo ya Japani, nyingine zinaletwa mkononi na ndugu wanaorudi kutoka Ulaya au Marekani. Muuzaji akisema "hii ni ya sabini na kitu" bei inapanda hapo hapo. Akisema "hii ni ya juzi" mnunuzi anaanza kuidharau. Nataka tuelezane humu kila zama ilijengwaje, ilikosewa wapi, na gitaa likiwa mkononi uangalie nini. Msimamo wangu nautoa mapema: mwaka hautoshi kukuambia kama gitaa ni zuri, ila unakuonyesha pa kuanzia kukagua.

Historia kwa kifupi. Gibson waliitoa mwaka 1952 kwa jina la mpigaji Les Paul, rangi ya dhahabu, pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) mbili za P-90, na kishikio kirefu cha nyuzi ambacho nyuzi zilipita chini ya chuma chake badala ya juu. Ilikuwa kazi kuzima nyuzi kwa kiganja. Mwaka 1953 kishikio kikabadilishwa nyuzi zikazungushwa juu, 1954 likaja toleo la Custom jeusi na briji (daraja la nyuzi) ya Tune-o-matic, 1957 pikapu za hamibaka, zenye koili mbili, alizobuni Seth Lover, zikachukua nafasi ya P-90, na 1958 hadi 1960 ndizo zile za rangi ya mchomo wa jua ambazo leo zina bei ya nyumba. Mwaka 1961 umbo likageuzwa kuwa lile jembamba la pembe mbili tunaloliita SG. Umbo la zamani likarudi 1968. Hizi za mwanzo sitazichimba sana. Ukiletewa ya 1959 mtaani kwa bei ya pikipiki, jua siyo.

Zinazotuhusu ni za baada ya hapo. Naanza na zinazobishaniwa kuliko zote.

Desemba 1969 kampuni ya ECL ya Ekuador ilichukua kampuni mama ya Gibson, na baadaye ikajulikana kama Norlin. Kuanzia mwaka huo hadi katikati ya miaka ya 70 bodi nyingi (viwiliwili vya gitaa) zilijengwa kwa tabaka: mahogani, karatasi nyembamba ya mepo (mbao ngumu nyeupe) katikati, mahogani tena, kisha kifuniko cha mepo juu. Huhitaji kufungua kitu. Igeuze ubavu, elekeza taa ya simu kwenye mbavu za bodi, utaona mstari wa gundi ukizunguka gitaa zima. Kwenye Custom nyeusi rangi huficha, lakini vanishi ikishazeeka mstari hujitokeza kama kovu jembamba linalohisika kwa kucha.

Shingo nayo ikawa ya vipande vitatu vilivyogundishwa kwa urefu. Mwanzoni vilikuwa vya mahogani, halafu kuanzia takriban 1975 hadi mwanzoni mwa miaka ya 80 vikawa vya mepo. Nyuma ya nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi mwanzoni mwa shingo) wakaacha kinundu cha mbao kuimarisha kichwa. Na ulimi wa shingo unaoingia kwenye bodi ukafupishwa.

Ulimi ndio watu wanaouzungumza bila kuuona. Kuuangalia ni hivi: legeza nyuzi, tandika kitambaa juu ya bodi, fungua skrubu nne za pembeni za fremu ya pikapu ya shingoni. Zile mbili za katikati zinazopandisha na kushusha pikapu usiziguse, springi zake zikidondoka ni kero. Inua pikapu taratibu, waya wake ni mfupi. Mulika ukuta wa upande wa shingo. Ulimi mrefu utauona umetokeza ndani ya shimo, mbao ya shingo ikiwa imelala kwenye sakafu ya shimo. Ulimi mfupi huuoni, unakutana na ukuta tu.

Baada ya kuuona, usihukumu kwa urefu. Ingiza ncha ya karatasi kwenye pande za kiungo. Karatasi ikipenya, gundi imekufa au kiungo kilikatwa kwa pengo. Ulimi mfupi uliobana unashinda mrefu unaocheza.

---

SoloKavu

Mkuu, uzi mzuri ila Norlin mnazipamba. Nzito kama mfuko wa saruji, vipande vipande, pikapu hafifu. Dunia nzima inajua ndizo mbaya kuliko zote. Kwa nini mtu wa Dar atoe hela yake hapo?

---

FretiYaSaba

Uzito ni kweli. Custom ya nusu ya pili ya miaka ya 70 inakaa kilo 4.5 hadi 5, na ziko zinazopita. Beba mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari, usikubali maneno. Kilo 3.9 hadi 4.3 ndiyo wengi hupiga wamesimama usiku kucha bila bega kulalamika.

Lakini shingo ya mepo ya vipande vitatu yenye kinundu, kwa hali ya hewa yetu, mimi naipa alama ya juu kuliko shingo ya mahogani ya kipande kimoja. Vipande vimegeuziwa nyuzinyuzi za mbao pande tofauti, kimoja kikitaka kupinda kingine kinakizuia. Na kinundu kimeweka nyama pale pale ambapo Les Paul huvunjika. Sauti yake inaamka kali kidogo kwenye nyuzi za juu, kitu ambacho mpiga solo wa dansi anayetaka nyuzi zisikike moja moja juu ya tarumbeta hatakilalamikia.

---

DadaLehemu

Naongezea upande wa umeme, kwa sababu hizo "pikapu hafifu" mara nyingi tatizo si pikapu.

Pikapu za Gibson za kuanzia katikati ya miaka ya 60 hadi mwisho wa miaka ya 70, ambazo kibobo chake (kiini kinachozungushiwa waya) kina herufi T juu, zina omu kama elfu 7.5, karibu sawa na za 1957. Kilichozizima ni poti, yaani vidhibiti vya volyumu na toni. Kuanzia takriban 1973 Gibson walifunga volyumu za kilo-omu 300 na toni za kilo-omu 100. Poti ndogo inamwaga sauti ya juu kwenye ethi hata ukiwa umeifungua yote. Weka 500 kote, kapasita ya mikrofaradi 0.022, na hiyo Norlin inafunua uso. Ni kazi ya mchana mmoja na inarudishika. Poti za zamani usizitupe, zifunge kwenye kimfuko uziweke ndani ya keisi. Mnunuzi wa baadaye atazitaka, na namba zake ni ushahidi wa mwaka.

Namba hizo zinasomwa hivi. Mgongoni mwa poti kuna tarakimu sita au saba. Tatu za kwanza ni mtengenezaji, 137 ikiwa ni CTS. Mbili zinazofuata ni mwaka (moja tu zikiwa sita), mbili za mwisho ni wiki. 1377423 ni CTS, mwaka 1974, wiki ya 23. Gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko poti zake za kiwandani, ingawa linaweza kuwa dogo kwa miezi kadhaa, kwa sababu poti zilikaa stoo. Na angalia lehemu kwanza. Lehemu ya kiwandani imefifia, imekusanya vumbi na waya wake umelala ulivyolala miaka yote. Lehemu inayong'aa juu ya poti ya 1974 maana yake kuna mkono umepita.

Kupima pikapu bila kufungua kitu: chomeka waya wa gitaa, volyumu na toni zote 10, swichi upande mmoja, weka multimita kwenye omu elfu 20, ncha moja kwenye kichwa cha jeki, nyingine kwenye shina lake. Ukipata 7 hadi 8.5 ni hamibaka za mtindo wa zamani. Ukipata 13 au 14 upande wa briji, hiyo ni 498T, iliyofungwa sana kuanzia miaka ya 90. Swichi katikati, usomaji ushuke karibu nusu, kwa sababu pikapu mbili zinasoma sambamba. Ukipata nusu wakati swichi iko upande mmoja, hamibaka hiyo ina koili moja tu inayofanya kazi: ama imepigwa shoti, ama kuna mtu aliigawa. Mita isiposoma chochote, koili imekatika au waya umechomoka. Usinunue kwa ahadi ya "ni waya tu huo" mpaka waya wenyewe uuone.

---

KijanaWaKwaya

Shikamooni wakubwa. Namba za kichwani zinasomwaje? Kuna Custom inauzwa Kinondoni, namba yake ni 72199612, muuzaji anasema ni ya 1972.

---

FretiYaSaba

Marahaba kijana. Si ya 1972. Kuanzia katikati ya 1977 namba ni nane: ya kwanza na ya tano ndiyo mwaka, zile tatu kati yake ni siku ya mwaka, tatu za mwisho ni mpangilio wa siku hiyo. Hapo kuna 7 na 9, basi 1979. Siku ya 219, ambayo ni Agosti 7. Na 612 iko juu ya 500, hivyo ilitoka kiwanda cha Nashville. Kalamazoo walikuwa chini ya 500, mpaka kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 1984. Ukiona siku inazidi 366 kwenye mtindo huu, shtuka, huenda ni bandia.

1975 hadi 1977 namba zilikuwa za kubandika: 99 mwanzoni ni 1975, 00 ni 1976, 06 ni 1977. Kabla ya hapo, 1970 hadi 1975, ni tarakimu sita zenye "MADE IN U.S.A." chini yake, na peke yake hazikwambii mwaka. Za miaka ya 60 zilirudiwarudiwa ovyo. Hapo ndipo poti za DadaLehemu zinapookoa.

Kuanzia 2005 zikawa tarakimu tisa kwa mtindo ule ule. 2014 hadi 2018 mbili za kwanza ndizo mwaka. 2019 wakarudi kwenye mtindo wa siku.

Hiyo ya 1979 tarajia shingo ya mepo, kinundu, ulimi mfupi na uzito. Ikiwa na shingo ya mahogani ya kipande kimoja bila kinundu, uliza maswali makali.

---

MzeeWaRithimu

Vijana mmeeleza vyema. Mimi nashika suala la hewa, maana gitaa likishakanyaga Dar kitabu kinabadilika.

Masika hapa hewa imejaa maji, na Kigamboni au Masaki kuna chumvi juu yake. Mbao inanywa. Shingo ikinywa, inaweza kurudi nyuma, nyuzi zinagusa freti za mwanzo na kulia kama bati. Mtu anadhani gitaa bovu, kumbe chuma cha ndani ya shingo kinataka kulegezwa robo ya mzunguko. Pima hivi: bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya 17, angalia pengo juu ya freti ya saba. Milimita 0.2 hadi 0.25 inatosha. Fila geji ya mafundi magari, ile ya kupimia vali, zinapatikana Gerezani.

Nati ya chuma hicho kwenye Gibson halisi ni ya shaba yenye pembe sita nje, inashikwa kwa soketi ya inchi 5/16. Kabla hujanunua, fungua kifuniko chake chenye skrubu mbili, weka soketi, izungushe robo, kisha irudishe. Ikiwa imekwama, au skrubu imekwisha kabisa hakuna nafasi ya kukaza, ondoka. Kurekebisha hapo ni kubandua ubao wa vidole, na ubao wa vidole wa Les Paul ukibanduliwa vibaya umeondoka na ukingo wake mweupe.

Sasa kuhusu zama. Mwaka 2012 Gibson walikuwa na shida ya mbao. Mamlaka za Marekani zilivamia viwanda vyao 2009 na 2011 kwa sababu ya mpingo wa Madagaska na rozwudi ya India, wakamalizana 2012 kwa faini ya dola 300,000. Matokeo yake, Les Paul kadhaa za kipindi hicho zina ubao wa vidole wa tabaka mbili za rozwudi, nyingine wa mepo iliyookwa ikawa kahawia, na Custom zikapewa Richlite, ambayo ni karatasi na resini iliyokandamizwa. Wengi huikimbia kwa kusikia jina. Kwa Dar mimi naipenda. Haisharabu maji, haisinyai, freti haziinuki. Kuitambua ni rahisi: ni nyeusi sawasawa pembe hadi pembe, haina vitundu hata ukiweka lenzi. Mpingo wa kweli ukiumulika taa kwa pembeni una mishipa.

Kwenye mpingo tuelewane. Kiswahili chetu huita mpingo mbao nyingi nyeusi, lakini mpingo wetu wa Tanzania ni ndugu wa rozwudi, jina lake la kisayansi ni Dalbergia melanoxylon, nao ndio unaotengenezea klarineti. Mweusi wa Gibson ni jamii nyingine, Diospyros. Hata hivyo, ubao wa Custom ukimeguka kando ya freti, unga wa mpingo kutoka kwa wachonga vinyago wa Mwenge ukichanganywa na supagluu unaziba bila kuonekana. Jaza tabaka nyembamba, acha ikauke, kwangua kwa wembe, rudia. Ukijaza yote mara moja inaacha mapovu ndani.

---

SoloKavu

Hapo kwenye Richlite nimejifunza, ahsante mzee. Je zile za 2006 mpaka 2018? Nasikia zina matobo ndani.

---

FretiYaSaba

Matobo yalianza mapema zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 80 Gibson walianza kutoboa mashimo tisa ya duara ndani ya mahogani kabla ya kugundisha kifuniko, na wanunuzi hawakuambiwa. Kwa sauti ni vigumu kuyatambua, na gitaa la miaka ya 90 lenye kilo 4.2 lina mashimo hayo bila aibu yoyote. Hizo za 1986 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya kampuni kununuliwa na kina Henry Juszkiewicz mwaka 1986, mara nyingi ni za kuaminika na hazina bei ya ushamba. Cha kukagua ni pikapu (490R na 498T zimejaa sana katikati, si kila mtu anazipenda) na freti, kwa sababu zimeshapigwa miaka mingi.

Mwishoni mwa 2006 wakaingia kwenye bodi yenye vyumba vikubwa ndani. Standard ya 2008 ndiyo mfano wake: nyepesi, kilo 3.2 hadi 3.7, shingo isiyo sawa pande mbili, mashine za kutyuni za Grover za kufunga, freti zilizosawazishwa kwa mashine ya Plek. Gonga mgongo wake kwa kifundo cha kidole kuanzia katikati kwenda kwenye pembe, utasikia sauti inabadilika kama unagonga kabati. Ukiipiga na amplifaya kali karibu nayo inaanza kuvuma mapema, jambo zuri kwa mpiga bluzi na baya kwa anayesimama mbele ya monita ya ukumbi mdogo. Sijui kwa nini watu huiita mbovu. Ni chombo kingine, na kwa kwaya ya saa tatu umesimama ni baraka.

Shida yake ni ndani ya shimo la poti. Nyingi za 2008 hadi 2018 zina bodi ya saketi na viunganishi vya kubana badala ya waya uliochomwa. DadaLehemu utasema zaidi.

---

DadaLehemu

Bodi hizo zikikutana na chumvi ya hapa, viunganishi vinaota ukungu wa kijani. Dalili: sauti inakatika ukivuta poti, inarudi ukigonga. Pulizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, chomoa na kuchomeka mara tano sita. Ikirudia ndani ya miezi michache, ng'oa bodi ya saketi nzima upige waya wa kawaida: poti nne za 500, kapasita mbili, waya wenye ngao. Pima urefu wa shina la poti kabla hujanunua, kifuniko cha mepo cha Les Paul ni kinene na shina fupi halifiki juu kushika nati.

Na jambo la ethi, zama zote. Kuna waya unaotoka shimo la poti kwenda kwenye kichuma kimoja cha kushikia nyuzi. Kutu ikiingia pale, gitaa linanguruma mpaka uguse jeki. Weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye uzi, nyingine kwenye shina la jeki. Isipolia, chomoa kichuma, safisha, hakikisha waya umebanwa kati ya chuma na mbao. Usikubali fundi akuambie ni "umeme wa ukumbi" kabla hajafanya hivyo. P-90 peke yake ndizo zenye haki ya kunguruma, kwa sababu ni koili moja na umeme wetu wa hezi 50 unaingia moja kwa moja.

---

KijanaWaKwaya

Na ya 2015 yenye mashine zinazojityuni zenyewe? Ipo moja bei rahisi kuliko zote.

---

FretiYaSaba

Ina sababu ya kuwa rahisi. Mwaka 2015 waliweka kwenye karibu safu nzima mashine za umeme za G-Force, nati ya shaba ya kupandisha na kushusha, na shingo pana, karibu milimita 46 kwenye nati badala ya 43. Wapigaji walilalamika duniani kote, na 2016 wakagawa safu mbili, moja ikarudi kwenye mambo ya kawaida.

Mbao zake lakini ni nzuri. Pima mkono wako kwanza: bana kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya F kwa kidole gumba juu ya uzi wa sita. Kidole kisipofika, hakuna fundi atakayekupunguzia shingo bila kuiharibu. Kikifika, jumlisha gharama ya seti ya mashine za kawaida aina ya Grover na nati ya mfupa, halafu ndipo ulinganishe bei. Betri na injini ndogo za G-Force usizitegemee kwa hewa hii.

Nati ya mfupa inachongwa hapa hapa. Mfupa wa paja la ng'ombe, uliochemshwa ukatolewa mafuta na kukaushwa wiki kadhaa, unaizidi plastiki. Mfupa uliochongwa ukiwa na mafuta unanuka na kumeguka kwenye mifereji.

---

MzeeWaRithimu

Mjue pia kuvunjika kwa shingo, hakuna zama iliyosalimika. Kichwa cha Les Paul kimeinama digrii 17, na nyuma ya nati pamechimbwa kwa ajili ya chuma, mbao imebaki nyembamba. Katikati ya miaka ya 60 walishusha pembe hadi 14, baadaye wakairudisha. Gitaa likianguka chali, kichwa kinatangulia.

Kukagua: chukua taa ya kukagulia noti bandia, ile ya zambarau ya wauza duka. Zima taa za chumba, mulika nyuma ya kichwa na shingo. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi hung'aa kijani cha njano, imetawanyika sawasawa. Pakiwa na kiraka cheusi au cha rangi nyingine, pamepakwa upya. Kisha pitisha ukucha kutoka kichwani kwenda freti ya tatu, macho yamefumbwa. Ufa uliogundishwa unahisika kabla ya kuonekana. Ufa mrefu wa mshazari uliogundishwa vyema unabeba nyuzi miaka mingi. Ufa mfupi uliokata mbao mkato mmoja utarudi. Vyovyote vile bei ishuke, theluthi moja hadi nusu ndiyo desturi ya soko.

---

SoloKavu

Na bandia? Nyingi zinatoka China zikiwa na nembo kabisa.

---

DadaLehemu

Fungua kifuniko cha poti mgongoni. Poti ndogo za milimita 16 na waya mwembamba wa rangirangi, weka chini uondoke. Gibson huweka poti kubwa za milimita 24. Kifuniko cha kichwani chenye skrubu tatu si cha Gibson. Chuma cha shingo kinachotaka ufunguo wa L badala ya soketi, si cha Gibson.

Kuna kipimo kimoja kinapotosha watu. Zamani ukingo mweupe ulichongwa kijinundu kwenye ncha ya kila freti, na freti ikaishia kabla ya ukingo. Watu wameambiwa freti ikipita juu ya ukingo ni bandia. Tangu takriban 2014 Les Paul za kawaida za kiwanda cha Marekani zimeacha vijinundu hivyo, freti zinapita juu. Wapo waliokataa gitaa halali la 2020 kwa sababu hiyo. Vijinundu vimebaki kwenye zile za karakana maalumu.

---

FretiYaSaba

Hiyo inatufikisha kwenye za 2019 kuja huku. Gibson waliomba ulinzi wa mufilisi Mei 2018, wakatoka na wamiliki wapya, na 2019 wakatoa Standard 50s na Standard 60s: bodi ngumu isiyotobolewa, waya uliochomwa kwa mkono, kapasita za chungwa, pikapu za BurstBucker. Kwa anayetaka kupiga bila kuwa mkusanyaji, naiweka 50s juu ya nyingi za zama zilizotangulia, kwa uthabiti wa moja hadi nyingine. Kosa lake la kawaida ni nati iliyochongwa kwa haraka, mfereji wa uzi wa tatu ukibana. Ukivuta uzi huo na ukasikia "tik" kisha noti ikarudi juu au chini, paka unga wa penseli kwanza. Isipotosha, fundi apanue mfereji kwa faili ya upana wa uzi huo.

Briji zikaguliwe zote. Ile ya zamani, ABR-1, miguu yake imekaa moja kwa moja kwenye mbao; ya Nashville, ya kuanzia katikati ya miaka ya 70, ina vikombe vya chuma. ABR-1 iliyobebeshwa nyuzi nzito miaka mingi hulala katikati kama chaga ya kitanda. Weka rula juu ya matandiko yake (vipande vinavyobeba nyuzi): ukiona mwanga katikati huku ncha mbili za nje zikigusa rula, imelala, ibadilishe. Usijaribu kuinyoosha kwa vaisi, chuma chake kinaweza kukatika.

---

KijanaWaKwaya

Nashukuru wakubwa. Naelekea kwenye ile ya 1979. Swali la mwisho: mwenye nayo ameitundika kwenye stendi yenye mpira, na nyuma ya shingo kuna alama inanata. Ni ugonjwa?

---

DadaLehemu

Ni mpira umekula vanishi. Nitroselulosi na mpira au sponji haviivani. Hapo usifute kwa spiriti wala tina, vanishi yote itaondoka. Tumia nafta ya kujazia viberiti vya utambi vya zamani kwenye kitambaa cha pamba, pangusa kidogo kidogo, acha siku mbili hewani mbali na jua. Ikibaki laini, kwangua juu juu kwa msasa wa namba 2000 na maji kidogo, kisha nta. Na alama hiyo ipigie bei. Ukilileta nyumbani, funga stendi kwa kitambaa cha pamba au liweke kwenye keisi na vifuko vya silika, ubadilishe vifuko kila masika.

---

MzeeWaRithimu

Na kama unalipeleka kwenu Mwanza kwa basi, legeza nyuzi mizunguko miwili mitatu, jaza nguo chini ya kichwa na pande zake ndani ya keisi mpaka kisicheze, na kizibe kisipate pengo nyuma. Keisi isimame wima kati ya viti. Kwenye buti chini ya magunia hapana.